Barua Iliyooshwa Mara Saba

Dodoma, 2 Aprili 1913

Kwa mke wangu Swaumu binti Omari, Kolo.

Salamu nyingi, na baada ya salamu, mimi mzima, na reli nayo nzima, maana kila asubuhi naikagua kwa miguu kutoka hapa mpaka Zuzu na hakuna skrubu iliyolegea nisiyoijua.

Nyumba imesimama. Vyumba vitatu na baraza mbele. Paa ni la udongo kama nyumba zetu Wagogo, lakini milango ina bawaba, na inafunguka bila kuinyanyua. Kimebaki kitu kimoja tu, sakafu. Sijasahau neno ulilonipa siku ninakuaga, mbele ya kaka yako Hassani, kwamba akidi imefungwa na mimi ni mumeo, lakini huhami Kolo mpaka uwe na sakafu ya kusujudia bila kujiuliza nani kapita.

Basi chagua. Kuna vigae. Bwana Stesheni alijengewa nyumba, yakabaki makasha manne ya vigae vya Ulaya, vyeupe na buluu, vinang'aa mpaka unaona meno yako. Amenipa mimi kwa kuwa kingo zimemeguka kidogo. Au kuna mbao, kama kaka yako seremala yuko tayari kupasua mninga. Sema wewe, vigae au mbao. Utakalosema ndilo, sitafungua mdomo.

Kuhusu mbwa usiwe na wasiwasi. Ni wawili tu, Mtanizoea na Sijali, na mbwa hawaingii ndani ya nyumba.

Doa lililo pembeni hapo chini ni wino.

Mumeo wa mbali,
Shaaban bin Matonya


Dodoma, 30 Aprili 1913

Mke wangu Swaumu,

Salamu. Tarishi wa boma amekwenda na kurudi mara tatu, na mara zote mfuko wake una barua za watu wengine. Mwanzo niliumia. Kisha nikakumbuka siku ya akidi yetu. Ulipoulizwa nyuma ya pazia kama umenikubali, ulinyamaza, na wazee wakasema mwari akinyamaza ameridhia, wakasoma fatiha. Nikacheka mwenyewe hapa barazani. Mke wangu ameninyamazia tena!

Kwa hiyo umeridhia vigae. Gideoni, jirani yangu, fundi mzuri aliyejifunzia misheni, ameanza leo chumba cha kulala. Nakushukuru kwa kunirahisishia.

Mumeo,
Shaaban


Kolo, 9 Mei 1913, Mfungo Tisa

Mume wangu Shaaban,

Alaikumu salamu. Barua yako ya pili nimeisoma. Ya kwanza niliipokea lakini sikuisoma, na kosa ni lako.

Nilipoifungua palikuwa na unyayo wa mbwa pembeni. Vidole vinne na kisigino. Nilikwenda na barua kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nimeishika kwa koleo la jikoni, nikasimama mlangoni, watoto wote wakaacha kusoma. Mwalimu akauliza, unyayo uliingia mkavu au umelowa, maana najisi ya mbwa hushika palipo na maji? Nikasema aliye na jibu yuko Dodoma. Akasema basi usibahatishe, osha mara saba, moja kwa udongo. Mimi ni mtoto wa marehemu Mwalimu Omari, sikuweza kubisha.

Nikaosha. Mara ya tatu salamu zako zote zilikwenda na maji. Mara ya nne, ile ya udongo, sijui uliandika nini lakini kilibomoka. Nilipoianika juani yalikuwa yamebaki maneno matatu tu: "mbwa", "ndani", "nyumba". Nikajua basi unachotaka kuniambia.

Nililia, Shaaban. Kisha nikamwonyesha kaka Hassani. Yeye hakulia. Alisema kama mbwa wanalala ndani, dawa ni mbao, kwa sababu ubao hauoshwi, unarandwa. Mbwa akilamba, unapitisha randa, unatoa ngozi ya juu, na chini yake kuna ubao mpya ambao mbwa hajawahi kuuona. Mwalimu alisema hilo halimo katika kitabu chochote. Hassani akamjibu kuwa walioandika vitabu hawakuwa maseremala. Sasa anapasua mninga usiku na mchana na hasalimii mtu.

Na siku ya akidi sikunyamaza kwa kuridhia. Nilikuwa na halua mdomoni. Nilipomaliza kuimeza mlikuwa mmeshasoma fatiha. Kuridhia niliridhia baadaye, nilipokuona unavyofunga mzigo wa shangazi yangu kwa uangalifu kama mayai.

Usiweke vigae. Na niambie ukweli kuhusu mbwa.

Mkeo,
Swaumu


Dodoma, 19 Mei 1913

Mke wangu Swaumu,

Halua! Miezi sita natembea kifua mbele kwa ajili ya kile kimya, kumbe halua.

Umechelewa kwa chumba kimoja na nusu. Vigae vimeshika, Gideoni anajisifu mpaka kwa abiria wa gari moshi. Ila nisikilize, nimefikiri sana nikiwa njiani Zuzu. Kigae kina mipaka. Mbwa akikanyaga kigae kimoja, unaosha kile kile, kikombe kimoja cha maji kwa kila mkupuo, umemaliza. Lakini ubao wa shemeji Hassani una urefu wa watu wawili. Mbwa akilamba mwanzo wake sebuleni, najisi inaishia wapi? Utaosha mpaka chumba cha pili. Na hapa kwetu mto una mchanga miezi minane kwa mwaka, maji yanakuja kichwani kutoka mbali. Na huko kuranda, Sijali akipiga chafya kila siku, mpaka Idi tutakuwa tunatembea juu ya maranda na sakafu imekwisha.

Ukweli kuhusu mbwa: hawaingii ndani. Ndivyo nilivyoandika, maneno yale matatu uliyoyaona ni mabaki yake. Na ule unyayo ulikuwa mkavu kabisa. Naapa.

Mzuie kaka yako asije.

Mumeo,
Shaaban


Kolo, 28 Mei 1913, Mfungo Tisa

Mume wangu,

Unyayo mkavu hauachi alama.

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima nikitafuta namna ya kukuandikia kwa upole, sikuipata, nimeiacha hivyo hivyo.

Hassani ameshaondoka, tangu tarehe ishirini na nne, na wapagazi wanane na mbao mabegani. Ameniambia maneno mawili na nitakuambia yote mawili. La kwanza, ataingia kila chumba na kupiga magoti, na kunusa. La pili, akikuta mbwa mmoja ndani, hashushi hata mbao mabegani mwa watu. Anageuka, na kabla ya mwezi wa Ramadhani atakuwa amekwenda kwa kadhi kuomba talaka kwa niaba yangu. Anasema baba angefanya hivyo. Sina hakika kama baba angefanya hivyo, baba alikuwa anamcheka Hassani.

Mimi sitaki talaka. Nataka mahali pa kutandika mkeka wangu. Je, hilo ni kubwa? Watu wa Kolo wananiita bibi harusi wa barabarani, kwa kuwa kila nikisikia tarishi natoka nje. Kama una mbwa wa kulinda mifugo na njia, dini haikukatazi, walale nje kama mbwa. Lakini ukinidanganya kwa jambo la unyayo, nitajuaje hutanidanganya kwa jambo la watu?

Tena niambie, ninyi Wagogo hamna majina ya kawaida ya mbwa?

Swaumu


Dodoma, 8 Juni 1913

Kwa dada yangu Swaumu, Kolo.

Nimefika. Mbao zimefika, isipokuwa moja iliyopasuka njiani, nimempiga nayo mpagazi aliyeiangusha, yaani nimemgusa tu.

Taarifa ya nyumba. Kuta zimenyooka. Milango inafunguka. Sakafu ni vigae vyumba vyote, mumeo hakungoja. Nilipiga magoti kila chumba kama nilivyosema. Nikanusa. Hakuna harufu ya mbwa. Nikashangaa.

Kisha nikaenda kwa Gideoni kuomba maji, nikakuta mbwa watatu wamefungwa nyuma ya ghala lake. Watatu, Swaumu. Nikamuuliza mkewe, Raheli, ni wa nani. Akasema ni wa Shaaban, wako hapa mpaka mgeni aondoke. Wa tatu anaitwa Hamtajua. Nilimwita mumeo nikamwambia, shemeji, nimejua.

Nikakata shauri kuondoka papo hapo. Lakini Raheli alikuwa amewalegeza kamba, na yule Hamtajua alipomwona bwana wake alichomoka mbio, akapita baraza, akaingia sebuleni juu ya vile vigae. Sijapata kuona kitu kama kile na mimi ni mtu mzima. Miguu minne ilikwenda njia nne. Aliteleza kwa tumbo kutoka mlangoni mpaka ukuta wa pili, akagonga, akarudi nusu njia bila kupenda, akalala pale analia kama mtoto. Tulimtoa kwa kumvuta na mkeka. Wale wawili walikuwa kizingitini wanatazama. Tangu siku hiyo, siku nne sasa, hakuna mbwa anayevusha hata ukucha. Nimewatupia nyama ndani kuwajaribu. Wanaitazama nyama, wanatazama kigae, wanarudi nyuma.

Kwa hiyo nakiri, ingawa inaniuma mimi mwenye mninga: vigae vimefanya kazi ambayo mumeo hakuweza. Mbao zangu wangezipenda.

Lakini kuna jambo jingine, na hili si la fundi. Mbwa hawaingii ndani, na mumeo naye haingii. Nimemkuta barazani amelala mkekani katikati yao, na upepo wa kipupwe unavyopiga hapa unaujua kwa kusimuliwa. Mimi nalala peke yangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu kama Bwana Stesheni. Nikimuuliza, anasema ndani kuna joto. Ndani hakuna joto, vigae ni baridi kama chura.

Nyumba safi unayo. Mume sijui. Ukitaka niende kwa kadhi, nitakwenda. Mbao nimeziweka kwa Gideoni, narudi nyumbani wiki hii.

Kaka yako,
Hassani


Dodoma, 14 Juni 1913

Mke wangu Swaumu,

Shemeji ameondoka asubuhi. Hakunipa mkono, ila amenifungia dirisha lililokuwa linagonga, bila kuombwa. Sijui nihesabu lipi.

Nitaandika ukweli wote, na karatasi hii nimeiandikia juu ya kasha refu, mbwa hawafiki.

Mbwa ni watatu. Walikuwa wanalala ndani, tangu nyumba ilipopata kuta mpaka siku Gideoni alipoweka vigae sebuleni, nikawapeleka kwake. Unyayo ulikuwa umelowa. Ni wa Mtanizoea, alikuwa ametoka mvuani akaja kuona ninaandika nini.

Umeuliza majina. Kwetu mtu akiwa na neno na majirani, anampa mbwa, halafu akimwita mbwa jioni majirani wanasikia. Mimi nilikuja hapa mgeni, nimesilimu, nduguzo hawanitaki kwa Ugogo na ndugu zangu hawanitaki kwa kanzu. Mama mpaka leo ananiita jina la zamani kwa makusudi. Nikapata jike hili, nikaliita Mtanizoea. Nikawa nasimama mlangoni kila jioni ninaita kwa sauti. Hakuna aliyenizoea isipokuwa yeye na Gideoni.

Mwaka juzi masika nilitumwa kukagua reli mpaka Bahi, maji yamejaa kila mahali. Homa ikanishika njiani. Nilianguka kwenye tuta la reli, siku moja na usiku wake, sina nguo kavu. Mbwa huyu alinilalia kifuani. Nilikuwa namsukuma, anarudi. Waliponipata walisema mahali pekee penye joto mwilini mwangu palikuwa pale alipolala yeye. Ndiyo maana, Swaumu. Sasa amezeeka, meno yamebaki machache, na Juni hii anatetemeka. Siwezi kulala ndani nikimsikia anakwaruza kizingiti. Nimejaribu usiku mmoja. Nilitoka kabla hata sijafunika miguu.

Sijali na Hamtajua nitawapeleka Zuzu kwa mwenzangu wa reli. Huyu mmoja niachie mpaka afe, nami nilale naye barazani, na wewe uwe na nyumba yako safi yote. Si maisha ya mume na mke, najua. Lakini nikikuahidi zaidi ya hapo nitakuwa nadanganya tena, na nimechoka kuogopa barua zako.

Nakupenda. Hilo ningeliandika hata ungeosha.

Shaaban


Dodoma, 8 Julai 1913

Mke wangu Swaumu,

Siku ishirini na nne. Hujajibu.

Safari hii sithubutu kujua maana yake. Naomba tu uniambie kama una halua mdomoni.

Shaaban


Dodoma, 27 Julai 1913, Shaabani

Kwa kaka yangu Hassani, Kolo.

Shikamoo kaka. Najua bado umekasirika kwa kuwa nilikutembeza siku saba nyingine wakati miguu yako haijapoa, na kwa kuwa njia nzima sikusema naja kufanya nini. Nilikuwa sijui. Nilisoma barua yake ya mwisho nikaona kuijibu kwa karatasi hakutoshi. Ile aliyoandika baadaye tulipishana nayo njiani, nimeambiwa iko boma huko kwetu inaningoja.

Uliponishusha ukageuka siku ya pili, nilibaki na nyumba nzuri kama ulivyosema. Nilitandika mkeka, nikasali, paji la uso likagusa sakafu safi, nikamshukuru Mungu. Usiku nikalala ndani, mume wangu akalala nje, ukuta mmoja kati yetu, tunaongea dirishani kama wachumba. Siku tano hivyo. Raheli alikuwa akipita anaficha uso kwa kanga.

Siku ya sita Shaaban alikuwa Zuzu kwenye reli yake. Nikaingia na mtungi kichwani, maji yakamwagika kidogo, na kaka, vile vigae vilinifanya kama vilivyomfanya Hamtajua. Miguu yangu ni miwili tu lakini ilikwenda njia nne. Mtungi ulipasuka, nikaanguka kwa nyonga, sikuweza kuinuka. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mbao zako zisingeniangusha, hilo nakupa, usilirudie mbele za watu.

Wale mbwa wawili vijana walisimama kizingitini wakanitazama kama walivyotazama nyama yako. Yule bikizee akaweka mguu mmoja juu ya kigae. Akautoa. Akauweka tena. Kisha akalala kwa tumbo na kujiburuta, kaka, kucha zinakwaruza, anatetemeka mwili mzima, anasogea inchi kwa inchi na macho ameyafumba. Alinifikia akanilalia ubavuni. Akanilamba uso kuanzia kidevu mpaka ushungi. Halafu akabweka, hakuacha mpaka Raheli akasikia.

Nyonga imevimba tu, haikuvunjika. Nilijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama baba alivyotufundisha, na maji yote ya nyumba yakaisha. Mara ya saba nilikuwa nacheka na kulia, Raheli akadhani nimegonga kichwa.

Sasa sikiliza na usikasirike. Mbao zako nimezitumia. Gideoni ametengeneza barazani uchaga wa mninga wa kulalia yule bikizee, umenyanyuka shibiri mbili kutoka ardhini, una kuta tatu za kuzuia upepo. Nimeuweka chini ya dirisha la chumba chetu. Kabla haujapigwa msumari nilikumbuka kuwa hukuridhia, lakini ulikuwa mbali na ulikuwa umenyamaza. Jioni Shaaban alimfunika Mtanizoea kwa gunia, akakaa naye, akangoja aanze kulia. Hakulia. Akakoroma. Shaaban alisimama pale muda mrefu hana kazi, kisha akavua viatu akaingia ndani.

Zuzu hakuna mbwa aliyekwenda. Jioni mume wangu akichelewa kazini nawaita mimi, kutoka mlangoni, kwa sauti kubwa, na majirani wanasikia jina.

Ramadhani imekaribia, nisamehe niliyokukosea. Nikipona nyonga nitakuletea asali ya huku, si nzuri kama yetu.

Alama utakayoiona pembeni si wino wala si muhuri, na haikuwa kavu. Soma kwanza yote, kaka, ndipo uoshe.

Dada yako,
Swaumu